Siasa ya Nje ya Mama Yangu

Kwenye ramani ya mwalimu sisi ndio tulikuwa wakubwa. Aliitundika ukutani kwenye darasa la elimu ya watu wazima, pale Endasak, akatupa fimbo tuionyeshe Tanzania, kila mtu kwa zamu yake, na kweli fimbo ilikuwa na mahali pengi pa kutembea kabla haijafika mpakani. Kenya ilikuwa pale juu, kipande cha rangi ya njano. Mimi ni mwanamke wa mnada. Sinunui gunia la maharage bila kuingiza mkono mpaka chini. Kwa hiyo niliipima ile ramani kwa macho mara ya pili. Ni kweli, sisi wakubwa.

Lakini ukitoka darasani ukapita duka la kijiji, hesabu ilikuwa inageuka. Sabuni, ilipokuwepo, ilitoka kwa wale wadogo. Mafuta ya kopo, betri za redio, nyembe, sindano, vyote vilisoma jina la kwao. Ukiipima nchi kwa rafu za duka, sisi tulikuwa kijinchi kilichobanwa chini ya nchi kubwa. Na kijinchi hicho kilikuwa kimeamua kufunga mlango.

Mwalimu ndiye aliyetuletea habari. Alikuwa kijana wa Kigoma, Mwislamu, serikali imempangia kwetu kwenye baridi ya mlima Hanang na yeye hana koti. Akasimama mbele akatuambia ule umoja wa nchi tatu umekwisha, mpaka wa kaskazini umefungwa, watu hawapiti, magari hayapiti. Akasema nchi maskini isipojiheshimu, jirani tajiri atadhani inaishi kwa makombo yake. Tukapiga makofi, kama kawaida. Mama yangu alikaa benchi la mbele kwa sababu ya macho. Hakupiga. Alisubiri makofi yaishe, akaniambia kwa Kiiraqw nimuulize mwalimu nani amekufa.

"Mwalimu, mama anauliza nani amekufa."

"Mwambie hakuna aliyekufa. Ni mpaka tu umefungwa."

Nikamwambia. Mama akamtazama mwalimu namna anavyomtazama mtu aliyetaja bei ya uongo, bila hasira, kwa huruma kidogo.

"Mwambie nyumba haijifungi bure," akasema.

Msomaji ambaye si wa kwetu itabidi nimweleze. Sisi Wairaqw tuna kitu tunakiita meeta. Nyumba ikipatwa na baya la namna fulani, tuseme kifo kibaya au mtoto aliyezaliwa mfu, nyumba hiyo inajitenga. Haifukuzwi na mtu, inajitenga yenyewe. Haiombi moto kwa jirani wala haitoi moto. Ng'ombe wake hawanywi maji pamoja na ng'ombe wa watu. Ukitaka kuongea na wenye nyumba unasimama mbali, njiani au ng'ambo ya kijito, na mnaongea vizuri tu, hata kucheka mnacheka, lakini hampeani mikono na hakuna kitu kinachovuka. Muda ukitimia wanasafishwa kwa kondoo. Wananyolewa, moto wa zamani unazimwa, mwingine unawashwa, na majirani wanaingia kula. Hapo imekwisha. Katekista alikuwa anatukemea kwa mambo haya. Mama alimsikiliza kila Jumapili, na kila Jumatatu aliuliza nani yuko kwenye meeta ili asikosee njia ya kwenda kuteka maji.

Kwa hiyo alipoambiwa nchi imejifungia, watu hawapiti na vitu havivuki, yeye hakuhitaji ramani. Jambo hilo alilijua tangu utoto wake kule juu Mbulu. Alitaka kujua baya limetokea upande gani, na nani atakuja kusafisha. Hilo sidhani kama hata waliomtuma mwalimu walikuwa wanalijua.

Nayo haikuwa hamu ya kujua mambo ya wakubwa. Dada yangu alikuwa ng'ambo.

Alikuwa ameolewa na fundi wa matrekta. Mtu huyo alitoka Kenya enzi zile mashamba ya ngano ya chini yetu bado ni ya Wazungu, akafanya kazi hapo miaka kadhaa, akajifunza salamu zetu zote na matusi mawili. Alipotaka kurudi kwao akataka kwenda na dada. Wajomba zake walikuja kwa lori, wamevaa makoti, wakakaa nyumbani kwetu kama watu waliokuja kukagua shamba la kununua. Baba alikuwa bado hai. Kuhusu mifugo ya mahari alikubaliana nao kabla chai haijapoa. Wakafurahi, wakadhani wamempata mjinga.

Ndipo baba akasema, "Sasa tuzungumze."

Alichotaka ni kwamba binti arudi nyumbani kila mwaka baada ya maharage kuvunwa, apigwe na jua la kwao, ale mezani kwa mama yake. Kila mwaka. Wajomba wakasema safari ni ndefu. Baba akasema anajua, ndiyo maana anaizungumza. Wakasema mtoto akizaliwa itakuwaje. Akasema aje naye. Jambo hilo lilikula siku nzima, na jua lilipokaribia kuzama mjomba mkubwa akasema kwa uchovu kwamba hajapata kuona watu wagumu namna hii kwa kitu kisicho na mkia.

"Mnamchukua yeye," baba akamjibu. "Hamtuchukui sisi."

Ule ndio ulikuwa mkataba wetu na Kenya. Ninavyokumbuka, uliheshimiwa kuliko mingine iliyokuwa na mihuri.

Dada alikuja kila mwaka. Basi lilimshusha barabarani akiwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku kulikuwa na dunia: miche ya sabuni, mafuta ya kopo, betri, kitambaa cha mama. Baba alipofariki mama ndiye aliyeshika siasa ya nje, na alikuwa na msimamo. Sanduku halikufunguliwa mpaka yeye awe ameweka vyake chini kwanza. Aliweka kibuyu cha samli, asali ya mlimani, na maharage mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kubeba. Halafu ndipo anasema, haya, fungua.

"Mama, huko kuna maharage," dada alikuwa anamwambia.

"Kuna ya kwangu?"

Mwaka hadi mwaka maneno yalikuwa hayo hayo. Na mwaka hadi mwaka kondakta wa basi alilalamikia uzito, nami nikabishana naye mpaka akashuka bei. Mama alisema ukipokea tu bila kutoa, siku si nyingi wanakuja kukupangia pa kulala. Pia hakusifu kitu cha wageni wakiwa bado wapo. Sabuni ya dada aliinusa basi likishaondoka, amegeukia ukuta.

Basi, mpaka ukafungwa. Maharage yalivunwa, dada hakuja. Mama akayatenga maharage yake kwenye kibuyu kikubwa, akaziba kwa samadi kama kawaida. Yakavunwa tena, hakuja. Akatenga tena. Sisi tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha mistari, nyumba zimepangwa kama viti vya darasani, na mama alisema hiyo ndiyo shida ya wakubwa wa siku hizi: wanafunga nchi nzima halafu wanawasogeza watu milango ikutane. Mtu akipata meeta hapa atajitenga wapi? Atasimama juu ya paa?

Duka la kijiji likabaki na kiberiti na jembe moja lisilo na mpini. Tulifua kwa majivu. Mimi mnadani nikawa naitwa mlanguzi, jina ambalo wakati ule walilipata wote waliokuwa na kitu cha kuuza. Redio zilinyamaza moja moja kadiri betri zilivyokufa, na jirani yetu mmoja alikuwa anazianika zake juani ili zipate nguvu za kusikiliza taarifa ya habari, ambayo ilimwambia mambo yanakwenda vizuri.

Kisha tumbo la mama likaanza kuvimba. Tulimpeleka hospitali huko Mbulu, wakamtoa maji, akarudi. Maji yakajaa tena. Nesi wa zahanati yetu, mama wa Kichaga mwenye maneno machache, alinivuta pembeni na kuniambia nisimhesabu mama kwenye mavuno yajayo. Nikamwomba arudie. Akarudia. Mimi vitu navihesabu mara mbili, na mara ya pili kilikuwa kile kile.

Mama hakuomba kitu. Kila asubuhi aliuliza kama wamefungua. Nilipomwambia bado, alisema, "Haya," akageuza uso. Kwa wiki nyingi ndivyo siku ilivyoanza nyumbani kwetu.

Nikaenda Dirma. Huko kulikuwa na mfugaji mmoja, Mbarbaigi mrefu mwenye jino moja la mbele, ambaye nilimfahamu kutoka mnadani. Alikuwa mtu wa kuswaga ng'ombe mbali. Hakuna aliyesema mbali ni wapi. Nilimkuta anatazama ndama wake, nami nikasimama kando yake nikawatazama pia, maana kwa wafugaji huanzi na shida yako.

"Wamekonda," nikasema.

"Nyasi zimekwisha. Ninyi mmelima kila mahali."

"Na hao wakubwa, bado wanafika huko juu?"

"Ng'ombe hawasomi gazeti."

"Na mtu?"

Akanigeukia. "Mtu ana mdomo. Mtu ni ghali."

Nikamweleza. Dada yangu yuko ng'ambo ya Namanga, mume wake ana karakana barabarani, kila mtu anaijua. Ujumbe umfikie. Asogee mpaka kwa wafugaji wa upande ule, rafiki za huyu wa Dirma, avuke nao nyikani pamoja na mifugo, huku apandishwe lori, afike kwetu kwa njia ya Gendabi bila kupita barabara kubwa. Amwone mama, arudi alivyokuja.

"Unanipa nini?"

"Mabua. Nikishavuna mahindi, ndama wako waingie shambani kwangu wale."

"Misimu miwili."

"Mmoja."

"Miwili. Kuna mgambo kila korongo."

"Kwa misimu miwili ungemleta na mume wake na karakana yake. Msimu mmoja, na lile shamba la juu nakuongezea, ambalo halijawahi kuingiwa na ng'ombe wa mtu."

"Lile lina mawe."

"Ndama wako hawali mawe. Na akifika na kidonda mguuni, la juu naliondoa."

Alicheka, jino likaonekana. "Huyu ni dada yako au mbuzi?"

"Ni dada yangu. Mbuzi ningekupa misimu mitatu."

Tukakubaliana. Nilirudi nyumbani nimechoka lakini nimeridhika, kama mtu aliyepata gunia kamili kwa bei ya debe. Nilimwambia mama jioni ile. Nilitegemea angalau anishike mkono.

"Mwambie asije," akasema.

Nilidhani hajanielewa. Nikarudia polepole.

"Nimekusikia. Sisi ndio tuliojifunga. Mtu havuki kitu kilichofungwa, akaingia ndani, akala. Atakuwa ameileta meeta yote humu. Watoto wake je? Wako je?" Akageuza uso. "Wakifungua, aje kwa mlango."

Ubishi na mama nilikuwa siuwezi. Nikamfuata mwalimu nyumbani kwake, si kumwambia habari za Dirma, bali aje amweleze mama tofauti ya mpaka na meeta, maana yeye ndiye aliyesomea. Alikuja na sukari kidogo kwenye karatasi, na wakati ule sukari kidogo ilikuwa ni heshima kubwa. Akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamefungua?"

"Bado, mama. Lakini nataka nikueleze. Huu mpaka siyo mambo ya mizimu. Ni siasa. Viongozi wetu na wa kule wamegombana juu ya mali waliyokuwa nayo pamoja, ndege, reli. Kila mmoja anasema mwenzake amemwibia."

Nikatafsiri. 

"Kwa hiyo walikuwa nyumba moja."

"Kama nyumba moja, ndiyo."

"Na imevunjika."

"Ndiyo, mama."

"Na unaniambia hakuna aliyekufa."

Mama akaendelea, nami nikawa natafsiri, ingawa nilishaanza kuchoka kuwa mkalimani wa pande mbili ambazo zote zilikuwa na haki.

"Muulize siasa inakwisha lini."

"Haina tarehe, mama."

"Meeta ina mwisho. Mwambie atume neno huko juu kwa wakubwa wake. Watafute kondoo. Sisi tutamtoa, Endasak haikosi kondoo. Lakini na wale wa upande wa pili watoe wao, maana mmoja hatatosha, mgombano ni wa nyumba mbili. Wakutane pale mpakani, wanyoane, waishe."

Mwalimu hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema atalipeleka kwenye kikao cha kijiji. Nasikia alilipeleka kweli, na wazee wa kwetu hawakuona kichekesho chochote ndani yake. Walijadili rangi ya kondoo mpaka mchana ukaisha, na mmoja akajitolea wake. Mwenyekiti akasema litapelekwa ngazi ya juu. Kondoo alifungwa kamba akasubiri ngazi ya juu, akasubiri mpaka akazaa.

Nikimsindikiza mwalimu njiani, aliniambia bila kunitazama, "Watu wanasema unajuana na watu wa Dirma."

"Nanunua ngozi kwao."

"Vizuri. Mimi sijasikia kitu." Akafunga shati mpaka shingoni kwa ajili ya baridi, akaenda.

Kumzuia dada kulikuwa hakuwezekani tena. Neno nililolituma lilikuwa linakwenda kwa miguu ya ng'ombe, kutoka boma hadi boma, na maneno ya namna hiyo hayana mahali pa kuyakamatia. Nami, nikisema ukweli, sikujaribu sana. Mnunuzi akisema hataki, mimi bado naweka mzigo chini, kwa kuwa wengi hubadilika wakiuona.

Alifika asubuhi, ukungu wa mlima haujaondoka. Nyuma ya mistari ya nyumba zetu kulikuwa na korongo lenye kijito, na ng'ombe wa wafugaji walinyweshwa ng'ambo yake, upande wa kwenda Gendabi. Mtoto wa jirani alikuja akasema kuna mwanamke kati ya ng'ombe amevaa viatu. Nikajua.

Nilimwambia mama ili nione kama atabadilika. Macho yake yalijaa, nikadhani nimeshinda. Akasema, "Nitoeni nje. Mpaka ukingoni. Na yeye abaki hapo alipo."

Tulimbeba na kigoda chake, mimi na mume wangu, tukamweka kwenye ukingo wa huku. Dada alikuwa ng'ambo, amekonda, vumbi mpaka kwenye nyusi, sanduku la bati hana, ana kifurushi kimoja tu mkononi. Alipomwona mama alivyo, tumbo lile, alianza kushuka korongoni. Mama akainua mkono.

"Hapo hapo."

"Mama, nimetembea siku nyingi."

"Najua. Umekanyaga kitu kilichofungwa. Simama hapo niongee na wewe."

Dada ni wa kwetu. Alijua maana yake. Mguu mmoja ulikuwa umeshaingia kwenye maji, akautoa.  Kisha akafanya kama wanavyofanya watu walio kwenye meeta: akakaa chini upande wake, akakunja miguu, akasalimia kutoka huko.

Wakaongea. Mama alimuuliza watoto, mmoja mmoja. Aliuliza kama yule wa pili ameacha kukojoa kitandani. Aliuliza ng'ombe wa huko wanakamwa saa ngapi, na kama mume bado ana matusi yake mawili.

"Ameongeza," dada akasema.

Mama akacheka, halafu kicheko kikamuumiza, akashika tumbo. Sisi wa huku tulikuwa tumesimama nyuma yake tunatazama mahali pengine. Ng'ombe walimaliza kunywa wakaanza kuondoka, na mfugaji wa Dirma akawa anawazungusha kwa makusudi, akiwarudisha majini waliokwisha shiba, ili muda uongezeke. Hilo halikuwa kwenye makubaliano yetu. Sijui kwa nini alilifanya bure.

Dada akafungua kifurushi. Ulikuwa mche mmoja wa sabuni. Ndicho kitu pekee alichofika nacho kutoka nchi kubwa. Akauinua mama auone.

"Weka chini," mama akasema. "Hauvuki. Na mimi maharage yako ninayo ya miaka yote, nayo hayavuki. Tuko sawa."

Dada akauweka juu ya jiwe.

Walipokosa la kusema walikaa tu wakitazamana. Mimi ninayehesabu kila kitu sijawahi kupima upana wa korongo lile. Sio pana. Mtoto akirusha jiwe linavuka.

Wakati wa kuondoka mama alimwambia, "Wakifungua, uje kwa mlango." Dada akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaingia kati ya ng'ombe. Kwa muda tuliona kitambaa chake cha kichwa, halafu migongo ya ng'ombe, halafu vumbi.

Mchana balozi wetu wa nyumba kumi akaja. Balozi wa nyumba kumi, kwa asiyejua, ndiye aliyepaswa kuandikiwa kila mgeni anayeingia, ametoka wapi, analala kwa nani. Alikuwa jirani mwema, lakini mwoga. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia kuna mgeni alifika."

"Nyumba gani aliingia?" mama akamuuliza.

Balozi akafikiri. "Hakuingia."

"Alikula kwa nani?"

"Hakula."

"Alimshika nani mkono?"

"Hakuna."

"Basi sina mgeni wa kukuandikisha."

Balozi akashukuru kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, akaenda zake. Hapo ndipo nilipomtazama mama upya. Mpaka leo sijui. Nikipiga hesabu mara ya kwanza, napata mwanamke mgonjwa aliyeogopa meeta kuliko alivyomtamani mtoto wake. Nikipiga mara ya pili, napata mtu aliyejua kwamba dada akikanyaga mlango wetu tu, mimi ninakwenda kufungwa. Hesabu zangu huwa zinakutana. Hii haijakutana, na mama hakunipa nafasi ya kuuliza, kwa sababu maharage yalikuwa bado na maua alipokufa.

Sabuni ilibaki kwenye jiwe. Wilaya nzima ilikuwa inafua kwa majivu, na mche mzima wa sabuni ulikaa pale ng'ambo, kila mwenye kuteka maji anauona, na hakuna aliyeugusa. Mvua zilipokuja ulianza kuyeyuka. Jiwe lilikuwa na povu kwa msimu mzima, halafu na doa jeupe, halafu halina kitu. Mfugaji wa Dirma alileta ndama wake wakala mabua, na shamba la juu pia. Dada alikuwa amefika bila kidonda.

Walifungua baada ya miaka. Mwalimu alikuwa amehamishwa zamani, kwa hiyo hakuna aliyetukusanya kutueleza. Tulijua kwa sababu nyembe zilirudi dukani.

Dada alikuja kwa basi, mchana kweupe, na karatasi yenye muhuri, na sanduku la bati. Nilimpokea barabarani, nikambebea sanduku. Tulipofika kwenye kona ya nyumba yetu hakunifuata. Alipita nyuma ya nyumba, akashuka korongoni, akavuka kijito, akapanda upande wa pili, akakaa chini pale pale alipokuwa amekaa, karibu na lile jiwe. Akakunja miguu.

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa ukoo wetu aliyejua mambo ya kusafisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema meeta ya nyumba anaiweza, meeta ya serikali haijui, na kondoo wa upande wa pili hajamwona. Kwa hiyo nilipitia dukani nikanunua wembe, nikavuka mwenyewe. Nilimnyoa kwa maji ya kijito, na sabuni kutoka kwenye sanduku lake.  Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, za kwangu pia. Kisha nikamshika mkono, tukavuka, nikazima moto nikawasha mwingine, na majirani wakaja wakala, balozi akiwa wa kwanza. Safari hii alimwandika.

Alikaa mpaka mwisho wa wiki, akilala kwenye kitanda cha mama, akienda kaburini asubuhi na jioni. Siku ya kuondoka nilishusha vibuyu. Maharage ya miaka ile yote, mama alivyoyatenga na mimi nilivyoendelea kutenga, mengine yameliwa na wadudu, mengine mazima. Nilichambua yale mazima, nikamfungia yote. Nilisubiri aseme huko kuna maharage. Hakusema. Alikumbatia gunia kama mtoto.

Kondakta alilalamikia uzito, akataja bei. Nikamlipa.